Ukristo wako ukikugombanisha na watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Mtwara na Lindi

Maswali haya yameulizwa barazani baada ya ibada na kwenye jumuiya. Mengine yalitumwa kwa simu usiku na watu wasiotaka kujulikana. Mengi yanatoka Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Lindi Mjini, huku ambako Yohana na Hamisi wanaweza kuwa wa tumbo moja na wakala sinia moja. Anayejibu ni mwalimu wa kanisa. Si askofu wala wakili.

Yesu alisema hakuja kuleta amani bali upanga. Paulo anatuambia tukae kwa amani na watu wote. Nishike lipi?

Yote mawili, ila angalia ni nani anayeshika huo upanga. Katika Mathayo 10 Yesu anawaonya wanafunzi kwamba watu wa nyumbani mwao watawageuka. Hawatumi wakawageukie wao. Na Paulo, kwenye Warumi 12:18, ametaja mambo mawili ambayo wahubiri wengi huyapita mbio: ikiwezekana, na kwa upande wenu. Mjomba akikasirika kwa kuwa umebatizwa, hasira hiyo ni yake. Ukimjibu kwa dharau, hapo na wewe umeshajiingiza.

Nitajuaje kama ugomvi ni wa imani au ni wangu mwenyewe?

Natamani swali hili lingeulizwa na wengi zaidi. Petro, kwenye waraka wake wa kwanza, 4:15, anataja watu ambao Mkristo asiteswe kama wao: mwuaji, mwizi, mtenda mabaya, na mtu anayejiingiza katika mambo ya wengine. Mmbeya kawekwa mstari mmoja na mwuaji! Maana yake unaweza kuteseka kweli, tena Biblia ikiwa kwapani, kwa sababu ya mdomo wako tu.

Liondoe jina la Yesu kwenye habari yako, halafu utazame kilichobaki. Kijana analalamika kwamba kwao wanampinga kwa ajili ya Injili. Ukimhoji taratibu unakuta siku ya Idi, mbele ya wageni, aliziita dua za bibi yake kuwa ni za mashetani. Hapo Injili haina kesi, kilichobaki ni utovu wa adabu. Au kikundi cha maombi kinakesha na spika mbili zimeelekezwa kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Baba wa mtoto akienda kwa mwenyekiti wa kitongoji, hajampinga Mungu. Anataka kulala.

Lakini yapo mambo ambayo ukiliondoa jina la Yesu hakibaki kitu. Unaambiwa ukane ubatizo ndipo ugawiwe mikorosho ya bibi. Unaambiwa utie sahihi jambo la uongo. Hapo simama, na usione haya kusimama. Mambo ya namna hiyo ni machache kuliko tunavyohubiriwa, na anayepigania kila kitu huwa amechoka siku yanapokuja yenyewe.

Nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu na nimeamua kubatizwa. Nimwambie nani kwanza?

Mama yako na baba yako, kisha mjomba. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpaka leo zipo nyumba ambazo baba anaweza kukubali lakini neno halijaisha mpaka mjomba aseme. Usiache wakasikia sokoni. Na usiende na mchungaji, wala na vijana wa kwaya. Ukiingia uani kwa mjomba umezungukwa na watu, ataona mmekuja kumnyang'anya mtoto.

Mazungumzo huwa yanaenda hivi:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona asubuhi asubuhi?"

"Nimekuja na neno. Nimekuwa nikisoma dini kanisani, na nimeamua kubatizwa. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu."

"Sisi tumekukosea nini?"

Swali hilo karibu kila mtu analikuta, na ndipo wengi wanapoharibu. Wanafungua Biblia na kuanza kueleza kasoro za Uislamu. Mzee hajauliza habari za Utatu. Ameuliza kama ukoo umekataliwa. Basi mjibu alichouliza: hamjanikosea, mmenilea, mimi bado ni mpwa wako, nikiitwa kwenye shughuli nitafika, mgonjwa nitamuuguza, mchango nitatoa. Kisha ukafanye hivyo, hasa mwaka wa kwanza, maana watakuwa wanakutazama. Kukitokea msiba wataangalia kama bado unashika ndoo ukateka maji pamoja na wenzako, au umesimama pembeni na shati lako la kwaya.

Kuhusu jina: la ubatizo unaweza kuliongeza, na lile alilokupa bibi likabaki. Wapo kina Zainabu wengi wanaoimba kanisani.

Nina miaka 16 na wazazi hawataki. Nibatizwe kwa siri?

Hapana. Na mchungaji anayekubali kukubatiza kwa siri usimwamini. Endelea kusali na kusoma, watii wazazi katika mengine yote, subiri uwe mtu mzima. Ubatizo hauozi.

Mwanangu anatakiwa jandoni, binti anatakiwa unyagoni. Nikikataa, ukoo mzima unanigeuka. Nifanye nini?

Swali hili lina umri zaidi ya miaka mia hapa kwetu. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Masasi mwaka 1876 na watumwa waliokombolewa, na tangu hapo kanisa limekuwa likizunguka jambo hili bila kulimaliza. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, hakupiga marufuku. Aliliacha jando, akaingiza sala na baraka za padri, akaondoa yale aliyoona yanapingana na ubatizo. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu, na mabishano hayajaisha. Ninachomsifia mimi ni kwamba aliuliza kwanza jando linawafanyia watu kazi gani, ndipo akaamua la kukata na la kuacha.

Na wewe uliza hivyo. Tohara haina ugomvi na imani, ipeleke hospitali au kituo cha afya. Kumfundisha kijana kuwaheshimu wakubwa, kutopita katikati ya watu bila kusema hodi, kutoingia chumba cha mama yake ovyo, hayo hata mwalimu wa kipaimara angeshukuru akisaidiwa. Yenye shida ni matambiko kwa mizimu, nyimbo za matusi, na kumfundisha mambo ya chumbani binti ambaye bado anacheza mdako. Hilo la mwisho ningelikataa hata kama nisingekuwa Mkristo.

Sasa namna ya kukataa. Wazazi wengi wanasubiri mpaka ngoma imeshalia, mjomba ameshanunua mchele na kungwi ameshalipwa, ndipo wanakumbuka kuwa wameokoka. Wakati huo neno lolote ni tusi. Nenda kabla kiangazi cha ngoma hakijaanza, mwezi wa nne au wa tano. Kaa na somo wa binti, mwambie waziwazi: haya mfundisheni, haya bado, na hili la mizimu kwangu halipo. Makungwi ni watu wa kuongea nao, na wengi ni mama zetu wa kanisani wenyewe. Ulizia pia parokiani, maana ziko sehemu ambako akina mama huwafundisha mabinti wao kwa wao wakati wa likizo.

Na siku ya kumtoa mwali, nenda. Binti kavaa khanga mpya, mafuta yanang'aa kichwani, macho chini, watu wanamtunza noti. Mtunze na wewe. Aliyekataa unyago wote na akakataa hata pilau amemwadhibu mtoto, ambaye kesho atachekwa kisimani.

Nikialikwa hitima, maulidi au Idi, niende? Na nyama iliyochinjwa na Mwislamu je?

Nenda, na nyama kula. Paulo amelimaliza hili kwenye 1 Wakorintho 10: kinachouzwa sokoni kula, ukialikwa kula, bila kuuliza-uliza. Kukaa mkekani kimya wakati dua inasomwa hakukufanyi uwe umeisoma wewe.

Kwa upande wako, Krismasi ukitaka jirani wale kwako, mpe kijana wao amchinje huyo kuku. Hupungukiwi kitu. Na tafadhali, kitimoto usikipikie kwenye sufuria ya kuazima.

Nikifa, ndugu zangu Waislamu watanizika wanavyotaka?

Wanaweza, usiposema ukiwa hai. Nimeona maiti ikisubiri ndani huku nje shehe na katekista wanaangaliana, na watoto wa marehemu wamegawanyika. Marehemu alikuwa mtu mpole, hakupenda kumuudhi mtu, kwa hiyo hakuwahi kusema.

Kwa hiyo sema. Mwambie mwanao mkubwa na mjomba wakiwa pamoja, andika karatasi, weka nakala na cheti cha ubatizo kwa kiongozi wa jumuiya. Eleza na saa, kwani ugomvi mwingi wa misiba ya mchanganyiko unaanzia hapo: upande mmoja unataka kuzika leo kabla ya magharibi, upande mwingine unasubiri ndugu waliopanda basi Dar es Salaam. Mkikubaliana mapema kwamba mtamsubiri mtoto wa mwisho na basi, hakuna wa kulaumiwa.

Na kama hukusema, au ulisema wakakataa? Maoni yangu, ambayo si kila padri anayapenda, ni kwamba kanisa lisigombee maiti. Wazike, na sisi tutamwombea marehemu madhabahuni. Mungu hashindwi kumtambua mtu wake kwa sababu ya sanda.

Ndugu wanachangishana fedha za mganga kumtibu mgonjwa. Nikikataa wanasema namtakia afe.

Usikatae mikono mitupu. Ukisema "mimi mganga sichangii" ukanyamaza, wana haki ya kukushangaa. Sema "mimi nachangia nauli na dawa", na fedha uwe nayo mkononi wakati unasema. Hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao wanazijua hata wasiosali, Ligula iko Mtwara Mjini, Sokoine iko Lindi. Mpeleke mgonjwa, lala naye wodini. Kisha ukisema hutaki ramli watakusikiliza zaidi, maana ramli huku haiishii kwenye dawa, inaishia kwa bibi kizee fulani kuitwa mchawi. Jina la bibi huyo likitajwa, usikae kimya. Kumtetea ni ungamo la imani kuliko kutovaa hirizi.

Nalo hili niliseme kwa upande wetu: mchungaji anayemwambia mgonjwa aache dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuwa ameombewa, huyo naye mkatalie. Dawa hizo hazikatizwi.

Wenzangu wananitenga kwa sababu sinywi uraka, pombe ya mabibo.

Msimu wa mabibo hupita. Kaa nao, kunywa maji, cheka nao. Kama kanisa lako halikatazi pombe, kama ilivyo kwa Wakatoliki na Waanglikana, usijitungie amri ili uonekane mtakatifu. Kama linakataza, shika bila kuwahesabia wengine vikombe. Nipa, yaani gongo ya mabibo, ni habari nyingine: kuitengeneza na kuiuza bila leseni ni kosa kisheria, iwe una dini au huna.

Nafanya kazi kwenye chama cha msingi cha korosho. Natakiwa nifumbie macho mizani. Nikikataa napoteza kazi.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana wengi tunaogombana na shangazi zetu kwa ajili ya ngoma hatugombani na mtu yeyote kwa ajili ya kilo.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, korosho ya mkulima inapita mikononi mwa watu wengi kabla haijafika mnadani: chama cha msingi, gari, ghala, chama kikuu. Kila mkono unaweza kung'ata. Mama kaja na gunia kichwani kutoka kijijini, karani anasoma mizani haraka, anaandika pungufu ya kilo mbili, anataja "unyaufu", yaani korosho kupungua uzito kwa kukauka, mama anaondoka na risiti asiyoweza kuisoma. Kwa gunia moja ni kidogo. Kwa msimu mzima ni bati za nyumba ya mtu. Karani huyohuyo Jumapili anapitisha kapu la sadaka.

Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Haina tafsiri mbili. Kwa hiyo jibu ni kukataa, na kazi iliyobaki ni kujua unakataaje. Usianze kwa kuwahubiria wenzako ofisini, watakuona unajitakasa. Fanya kazi yako mbele ya macho ya watu: geuza mizani imwelekee mkulima, soma kilo kwa sauti, andika akiona, mpe risiti yake. Ukiambiwa upunguze, sema "mimi naandika kilichosomeka", bila mstari wa Biblia, na urudie maneno hayohayo kila ukiulizwa. Weka daftari lako mwenyewe la tarehe na kilo. Wakikupa fedha, ikatae siku ya kwanza. Ukishapokea mara moja utakuwa mwenzao, na hata ukitubu, wao watakuwa na la kukutisha.

Je, utapoteza kazi? Inawezekana, na singependa kukudanganya. Wapo walioachwa msimu uliofuata bila kuelezwa sababu. Lakini kabla ya hapo yupo afisa ushirika wa wilaya, ipo bodi ya chama, upo mkutano mkuu wa wanachama, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wana namba ya bure 113. Nenda na mzee mmoja wa kanisa na, ukiweza, mzee mmoja wa msikiti. Wizi wa mizani unawauma wote wawili, na mkiwa pamoja hakuna atakayesema ni chuki ya dini.

Ukifukuzwa kweli, kanisa lililokufundisha Mithali lina deni kwako. Liambie hivyo.

Jumapili ya msimu niende shambani au kanisani?

Nenda ibada ya kwanza, kisha ukaokote. Mvua ikikaribia na korosho ziko chini, Luka 14:5 imeshakujibu kuhusu mnyama aliyetumbukia kisimani. Lakini kama Jumapili zote kuanzia Oktoba mpaka Desemba ni za dharura, hiyo si dharura tena.

Mume wangu hataki nisali ninakosali. Nimtii yeye au Mungu?

Kwanza niulize: hataki usali, au hataki ulale kanisani? Si kitu kimoja. Mkesha kila Ijumaa, mfungo bila kusema, sadaka ya ada ya mtoto, simu ya mtumishi saa sita usiku: mume anayelalamikia hayo anaweza kuwa na hoja nzuri kabisa. Paulo kwenye 1 Wakorintho 7 anamwambia mwenye mwenzi asiyeamini akae naye ikiwa mwenzi anakubali kuishi naye, na kukaa naye ni pamoja na kuwepo nyumbani. Punguza mikesha, pika, ongea naye, sali. Anachoweza kukunyima ni jengo, sala hawezi.

Kama hataki usali kabisa, hata Jumapili asubuhi, mpe jibu la upole ambalo halibadiliki, na umwite mshenga au wazee wa pande zote mbili. Wanaume, nanyi mnaowazuia wake zenu kwenda msikitini kwa kuwa nyinyi ni Wakristo, haya yote yanawahusu.

Akikupiga, hapo hatuzungumzii tena uvumilivu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema mtu hana haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nenda ustawi wa jamii. Na mchungaji akikwambia urudi ukaombee kipigo, mtafute mchungaji mwingine.

Nampenda mtu wa dini nyingine. Lazima mmoja ahame?

Kisheria hapana. Sheria hiyohiyo ya Ndoa inatambua ndoa ya kiserikali, baada ya tangazo la siku 21. Kanisa Katoliki linaweza kuruhusu ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa kwa kibali cha askofu, na Mkatoliki anaahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe. Makanisa mengine yana taratibu zake, muulize kiongozi wako. Kwa upande wa pili, mafundisho ya Kiislamu yaliyozoeleka hayamruhusu Mwislamu wa kike kuolewa na Mkristo, kwa hiyo jua unachomwomba binti wa watu kabla hujapeleka barua.

Kuhama dini kwa ajili ya harusi ndiko kunakonisumbua mimi. Kijana anasilimu Alhamisi, anaoa Jumamosi, mwezi wa tatu anarudi kanisani, na sasa mkewe na wakwe wamedanganywa. Afadhali ukose mke kuliko kutamka shahada, au kukubali ubatizo, usiouamini.

Na msiahirishe mazungumzo ya watoto. Mtoto akizaliwa, bibi wawili watakuwa mlangoni, kila mmoja na jina lake.

Nimetoka Katoliki nimeokoka, na nyumbani hatusemezani. Wanasema nimewaita wapagani.

Je, uliwaita? Watu wakihamia makanisa ya Kipentekoste wakati mwingine hurudi nyumbani wakavunja rozari ya mama. Rozari si yako. Mama aliyekufundisha Baba Yetu alikuhubiria kabla ya mhubiri wako wa sasa.

Kuhusu kubatizwa tena: Wakatoliki na Waanglikana wanautambua ubatizo wa kila mmoja uliofanyika kwa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Makanisa mengi ya kilokole yanataka uzamishwe. Ukiamua, amua, lakini usimwambie mama kwamba ule wa kwanza ulikuwa "kunawishwa uso". Na ninyi mliobaki, acheni kumsengenya kwenye jumuiya. Anasali kwa Yesu huyohuyo.

Sheria ya nchi inanilinda vipi?

Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Inakulinda wewe uliyeingia Ukristo, na inamlinda mwanao akitoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini. Ukiachishwa isivyo haki, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, usikae ukifunga na kuomba mpaka siku zimepita. Kanuni ya Adhabu nayo inahesabu kuwa kosa kuvuruga ibada ya watu na kutukana dini yao, iwe dini yoyote. Wahubiri wetu wa mihadhara waisome hiyo.

Kwa ugomvi wa ndani ya ukoo, anza na wazee. Polisi wakishaingia uani, ni vigumu kukaa tena mkeka mmoja.

Haya tunayopitia ni mateso kama ya mashahidi?

Kwa kawaida, hapana. Mwaka 1882 Wangoni, huku wakiitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka watu. Agosti 1905, mwanzoni mwa Maji Maji, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini kwenye nchi ya Liwale. Tukisimulia habari hizo tuzisimulie zote: waliopigana Maji Maji walikuwa na kilio cha kodi, pamba ya kulazimishwa na viboko vya Wajerumani, na misheni ilionekana kuwa upande wa Wajerumani. Si kila mkuki uliotupwa ulimlenga Kristo.

Kununiwa na shemeji hakufanani na hayo. Kunauma, lakini tukikuita mateso kila mara, tutakosa neno la kumwita anayefukuzwa shambani kweli, na watoto wetu watakua wakidhani jirani ni adui.

Nimeshafukuzwa nyumbani. Nifanye nini leo?

Tafuta pa kulala kwanza, maamuzi baadaye. Nenda kwa kiongozi wa jumuiya au kwa mchungaji, useme wazi kwamba huna pa kulala. Usione aibu, na wao wasikugeuze kuwa ushuhuda wa kupandishwa jukwaani wiki hiyohiyo, maana kila neno litakalosemwa kwenye kipaza sauti litafika kwa baba yako kabla ya jioni, likiwa limeongezwa chumvi.

Tafuta kazi, hata ya kibarua. Mtu anayejilisha husikilizwa kwao mapema kuliko anayelishwa na kanisa. Mtume mtu anayeheshimiwa na baba, mara nyingi ni shangazi au jirani mzee Mwislamu, akasalimie kwa niaba yako bila kudai chochote. Msiba ukitokea nenda hata kama hujaitwa, msiba hauna mwaliko. Kama kuna shamba au nyumba uliyorithi na umenyang'anywa, peleka shauri baraza la ardhi la kijiji au la kata, na uende na mashahidi wanaojua mipaka. Na kama una umri chini ya miaka 18, piga 116 bila malipo au nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako leo hii, usisubiri Jumapili.